Fanksheni Isiyorudi Mikono Mitupu

4 Februari

Bibi Rangi, mdogo wangu,

Mimi mzima, ukikitoa kiuno, ambacho kimeingia uzeeni bila kuniomba ruhusa.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili nimekaa. Presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda, kwa la kulia unaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na daktari anasema hilo tundu nalo litaziba, pengine baada ya mwaka, pengine kabla. Umenikataza kuandika mambo ya kulia. Sawa, sitaandika. Ila usinikataze kuyafikiria, maana hapo hata mimi mwenyewe nimeshindwa.

Umeniomba kitu kimoja tu: uione gemu yetu ya kompyuta ikitembea kabla jicho halijafunga. Uuone mtaa ulioupaka rangi kwa mkono wako, na yule msichana wako anayezunguka kurudisha vitu vya kuazima, sufuria kwa huyu, ngazi kwa yule, mpaka mlango wa mwisho, ambao ni wa kwetu, na Mama anafungua. Nimekusikia. Katika hizo pengine mbili za daktari mimi nimechukua ile fupi. Kabla mwaka haujafika katikati utakuwa nayo.

Nimeanza kuandika upya fanksheni zote ili mambo yaende haraka. Kazi ya ofisini naifanya kwa mkono wa kushoto. Hapa juu ya karakana ya kuchomelea kelele haziishi, lakini nimezoea, na kiti changu nimekifunga waya mahali kilipovunjika, kwa hiyo sasa ni kiti cha kifundi.

Msalimie shemeji. Mwambie asante kwa kukufichia simu kabatini, isikuchoshe jicho. Barua zinatutosha.

Kaka yako


19 Februari

Kaka Fundi Kesho,

Salamu zako nimezipata, na pole ya kiuno. Usimwambie mtu kwamba ni uzee, sema ulibeba gunia.

Samahani mistari yangu inapanda mlima. Kalamu ni ya shemeji yako, ya huko ghalani, imezoea kuandika kwenye magunia na sasa haijui karatasi ni kitu gani.

Nimesoma mahali uliposema unaandika fanksheni upya ili mambo yaende haraka. Kaka, nakujua tangu unajifungia chumbani kupanga upya vitabu siku moja kabla ya mtihani. Kwa nini upya? Mwaka jana ulinionyesha msichana anagonga mlango na mlango unafunguka. Nilipiga makofi. Kitu kilichofunguka kinataka kufunguliwa tena kwa nini?

Nieleze kama unavyomweleza mtu mwenye akili zake asiyejua kompyuta. Usianze na yale maneno yako. Na ukimaliza kunieleza, acha kusafisha, tengeneza gemu. Nina haraka kuliko wewe.

Hapa ni pazuri. Dirisha linatazama ukuta wa jirani uliopakwa chokaa, na saa za mchana ukuta unang'aa, nauona wote kwa awamu, kipande kipande, kama mtu anayesoma gazeti kupitia mkunjo.

Mdogo wako


3 Machi

Bibi Rangi,

Nimekubali kwamba mimi ni wa kusafisha. Sasa nisikilize nijitetee.

Nilipoanza gemu hii nilikuwa na haraka ya kijinga. Mlango wa jirani wa kwanza niliuandikia maelekezo yake: msichana agonge, asubiri, mlango ufunguke, jirani apokee sufuria, aseme asante. Mlango wa pili nikanakili yote yale, nikabadilisha sufuria ikawa ngazi. Nikaendelea hivyo mtaa mzima. Siku moja nikagundua mlio wa kugonga unasikika baada ya mlango kufunguka, kama mgeni anayepiga hodi akiwa ameshakaa kwenye kochi. Ikabidi nipite nyumba kwa nyumba kurekebisha kosa lilelile, kama wakala wa bima. Nyumba mbili nikazisahau. Ndiyo maana mwaka jana nilikuonyesha mlango mmoja tu, ukapiga makofi. Hukuona mingine.

Fanksheni ni kazi unayoiandika mara moja, ukaipa jina, halafu ukaituma popote. Sasa ninayo moja inaitwa gongaMlango. Naiambia mlango gani na kitu gani, inakwenda. Likipatikana kosa, nalirekebisha mahali pamoja na mtaa wote unapona.

Ugumu uko hapa. Ukimtuma mtu, unarudishiwa nini? Ukimwambia fagia uani, hakuna cha kukuletea, akimaliza kamaliza. Ukimwambia nichotee maji, unangoja maji. Lakini ukimwambia kaangalie kama ndala zangu ziko chini ya kitanda, huyo anaweza kurudi na ndala au akarudi mikono mitupu, na yote mawili ni majibu halali. Fanksheni za namna hii ya tatu ndizo zinazonitoa jasho. Zikirudi na kitu, sawa. Zikirudi mikono mitupu na mimi sikujiandaa, gemu inanyoosha mkono kupokea kisichokuwepo, inaanguka, inazima palepale. Mtu anayecheza anabaki na kioo cheusi.

Ninayo moja kama hiyo, inaitwa letaPicha. Inatumwa kila mahali, kwa kila mlango, kila uso, kila tone la mtaro. Kazi yake ni kwenda kutafuta mchoro wako na kuuleta. Ilikuwa ikikosa mchoro mmoja tu, gemu nzima inakufa. Nimeirekebisha. Nimeifundisha isirudi mikono mitupu hata siku moja. Ikikosa picha, inaleta kibao cha kijivu chenye ukubwa uleule, na gemu inaendelea na safari zake. Tangu hapo haijazima hata mara moja. Nimejipongeza kwa chai.

Bado michoro ya upande wa mwisho wa mtaa sijaipata, na ya Mama. Ukiimaliza mtume shemeji aipige picha aitie kwenye flashi.

Kaka yako, mtetezi wa ufagio


2 Aprili

Kaka,

Kuanzia leo naandika kwa mashine. Mwandiko wangu umeniaibisha vya kutosha, na vidole vyangu vinazijua herufi za kibodi bila kutazama, faida pekee ya ile miaka niliyokuwa katibu muhtasi wa watu wasiojua kusema asante. Shemeji yako anachapisha ghalani.

Nimeielewa habari ya ndala. Umeeleza vizuri, nimeshangaa, kumbe ukitaka unaweza. Ila hiyo letaPicha yako sijaipenda. Umemtuma mtu akaangalie kama kitu kipo, hakipo, badala ya kusema hakipo anaokota kibao njiani anakuletea kwa uso mkavu. Angekuwa mtoto wa nyumbani tungesema umelea mwongo.

Michoro yote imo kwenye flashi hii. Upande wa mwisho wa mtaa umekamilika. Na ya Mama imo. Usiniulize kama imefanana naye.

Macho yapo vilevile, usihangaike kuuliza kila barua.

Mdogo wako


20 Mei

Bibi Rangi,

Mwongo wangu ana adabu, na anaifanya gemu isimame kwa miguu yake. Muonee huruma.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Ni gemu yako, kuanzia mlango wa kwanza mpaka wa mwisho. Nimeichelewesha, najua, lakini katikati ya mwaka bado hatujafika, kwa hiyo kisheria nimeshinda. Shemeji aiweke kwenye kompyuta kubwa, afunge pazia, akae pembeni ashike flashi isichomoke. Wewe cheza.

Ya Mama mimi sijaifungua. Milango mingine nimeijaribu mpaka nimeota majirani, lakini ule wa kwetu niliuacha kusudi. Nilitaka mtu wa kwanza kumwona akifungua uwe wewe. Utanisimulia.

Niandikie unachokiona, si unachodhani nataka kusikia.

Kaka yako


11 Juni

Kaka yangu,

Nimeiona.

Nilicheza mchana, pazia limefungwa kama ulivyoagiza, shemeji yako kakaa pembeni. Mtaro umekuja vizuri kuliko nilivyouchora, ile rangi yake ya chai ya maziwa, na mwanga wa jioni juu ya mabati. Nyumba ya fundi saa ina ule mlango wa kijani uliobanduka rangi, nikacheka, maana nilipouchora nilidhani nimezidisha. Yule mama wa ngazi ana uso wa kiburi hasa. Anaipokea ngazi yake kana kwamba aliibiwa.

Hodi inagonga kabla mlango haujafunguka. Umefuzu.

Na Mama nimemwona. Anafungua, anasimama, kanga begani. Sitasema zaidi, karatasi itaharibika.

Kwa hiyo umetimiza. Sasa pumzika, kaka. Usisafishe tena kitu.

Mdogo wako


3 Julai

Shemeji yangu,

Barua hii ni yako peke yako. Tafadhali isome ukiwa ghalani, mbali naye.

Wiki hii dada wa mapokezi ofisini kwetu aliniomba aione hiyo gemu ninayojisifia. Nilikuwa na nakala ya flashi ileile niliyowatumia. Nikaiweka kwenye kompyuta yake. Akacheza kidogo, akageuka akaniuliza, "Kaka, hii ni gemu ya kupanga vigae?"

Shemeji, hakukuwa na mtaa. Kulikuwa na vibao vya kijivu, kioo kizima. Kibao kinakwenda kwenye kibao, kinagonga, kibao kinafunguka, kibao kinasema asante. Kwenye kompyuta yangu michoro imekaa kwenye folda yake na letaPicha inaikuta palepale, kwa hiyo mimi naona kila kitu. Kwenye flashi folda hiyo sikuipakia. Nilisahau. Gemu ingekuwa ya zamani ingezima kwenye mlango wa kwanza, mngeniandikia, ningeituma tena ndani ya wiki. Lakini niliifundisha isilalamike.

Nimemsikiliza dada wa mapokezi akicheka, na mimi nimecheka naye, kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu. Halafu nimerudi mezani nikaitoa barua ya mdogo wangu. Mtaro wa chai ya maziwa. Mlango wa kijani uliobanduka.

Aliona nini, shemeji? Niambie kama unavyoandika mzigo ulioingia, bila kuongeza.

Shemeji yako


15 Julai

Shemeji,

Natumaini u mzima. Umeniomba niseme bila kuongeza, nami kwa kazi yangu siwezi kukataa ombi la namna hiyo.

Haoni. Mwanzoni mwa mwezi wa nne aliamka akaniuliza kwa nini sijafungua dirisha, na dirisha lilikuwa wazi. Tulikwenda kwa daktari siku hiyohiyo. Hakuna la kufanya. Anatofautisha jua na kivuli kwa joto lake usoni, si kwa jicho. Barua zako ninamsomea mimi. Zake anaandika kwa vidole na mimi ninasahihisha herufi zilizoteleza. Aliniapisha nisikwambie mpaka umalize gemu, akasema ukijua utaacha, na ukiacha hutarudia tena kitu chochote, anakujua.

Siku ya gemu alishika kibodi akacheza kwa kusikiliza. Mimi niliona vibao vya kijivu. Shemeji, mimi ni mtu wa ghala, sijui gemu inavyotakiwa kuonekana. Nilidhani labda ndivyo zinavyokuwa kabla hazijakomaa. Kisha akaniuliza mtaro una rangi gani.

Michoro yake ya majaribio imebandikwa ukutani kwetu. Nikatazama ukutani, nikamwambia. Akauliza mlango wa fundi saa, nikatazama ukutani, nikamwambia. Nilifanya hivyo mtaa mzima. Alikuwa anacheka kwa furaha na mimi shingo inaniuma kwa kugeuka. Mlango wa mwisho haukuwa na mchoro ukutani. Akaniuliza, Mama yukoje. Mama yenu, marehemu, mimi nilimkuta kwenye picha ya harusi yake tu. Nikasema amesimama, ana kanga begani. Akasema basi, zima.

Ninakuomba usimwambie. Anaamini mtaa wake ulitembea. Amebaki na hilo.

Shemeji yako


2 Agosti

Mdogo wangu,

Shemeji, wewe unayesoma kwa sauti, soma yote. Nisamehe. Nimejaribu kukutii na nimeshindwa.

Mdogo wangu, najua huoni. Shemeji hakukusaliti, nilimbana mimi. Nilijua kwa sababu uliisifia rangi ya gemu isiyokuwa na rangi. Flashi niliyokutumia haikuwa na mchoro hata mmoja. Nilisahau kupakia folda, na letaPicha ikafanya nilivyoifundisha, ikajaza vibao vya kijivu kila mahali. Mtaro ulioambiwa ulikuwa kwenye ukuta wenu, mumeo akiutazama. Alikupenda siku ile kuliko nilivyowahi kumwona mtu akipendwa, na sitaki umlaumu. Mimi ndiye uliyeniomba kitu kimoja.

Tena sikuchelewa mwezi mmoja tu. Mwezi wa pili ulikuwa bado unauona ukuta wa jirani kipande kipande. Ile gemu ya mwaka jana, ya milango iliyonakiliwa, yenye hodi inayogonga mtu akiwa kwenye kochi, ingekuja kwako Februari na michoro yake ungeiona. Ingekuwa mbovu na ungeiona. Mimi nilikuwa nahakikisha kila kazi inaandikwa mara moja.

Wiki iliyopita nimeibadilisha letaPicha. Nimefuta kibao. Sasa ikikosa inarudi mikono mitupu na gemu inasimama, inaandika ni mchoro gani haukupatikana. Nikapakia folda, nikaanza kucheza kutoka mlango wa kwanza. Mtaa wote upo. Ni mzuri, mdogo wangu. Nakuambia sasa hivi nikiutazama, mtaro ni chai ya maziwa kweli, na mlango wa fundi saa umebanduka pale kwenye komeo kuliko kwingine.

Nikafika kwetu. Nikagonga. Gemu ikasimama. Imeandika kwamba picha ya Mama haipo. Nimetafuta kwenye flashi yako ya Aprili, nimetafuta kila folda niliyonayo. Haipo, na kwa kijivu changu nisingejua milele.

Nilitaka kumalizia na kichekesho, kama kawaida yetu. Nimekaa hapa mpaka wachomeleaji wamefunga karakana. Hakuna.

Sijui nifanye nini na mlango huo. Naweza kutafuta mchoraji. Naweza kuuondoa, mtaa uishie kwa mama wa ngazi. Sema wewe.

Kaka yako


21 Agosti

Kaka,

Shemeji yako alinisomea barua yako mara mbili. Mara ya kwanza aliruka mahali, nikajua kwa pumzi zake. Nikamwambia aanze upya. Hii naiandika peke yangu na nimemkataza kusahihisha, kwa hiyo ukikuta maneno yamegongana, ndiyo mimi.

Sijamkasirikia. Siku mbili nilikaa upande wa pili wa chumba, basi.

Ya Mama niliianza Machi. Nikaanza na mkono ulioshika komeo, mkono ukaja. Kanga ikaja. Kila nikienda usoni jicho linapotea, nikirudi nakuta nimechora macho juu ya macho. Nilifuta nikachora, nikafuta, karatasi ikatoboka. Nikakuandikia kwamba imo. Nilifikiri ukiikosa utaniuliza, na hapo ndipo nitakapokwambia yote kwa pamoja. Hukuuliza. Ulipoandika kwamba hujaifungua, nikadhani umeelewa ukanyamaza kwa huruma. Kumbe kibao kilikuwa kimekaa pale, ukaridhika bila kuangalia.

Na shemeji yako aliposema amesimama, ana kanga begani, nilijua. Kwa mlango ule hakukuwa na cha kusema. Nikajiuliza, kama hapa anatunga, na kule kwingine je? Sikutaka jibu. Nikamwambia azime. Barua niliyokuandikia siku ile niliiandika nikiwa najua nusu.

Mchoraji usitafute. Mlango usiuondoe. Uache ulivyo, msichana agonge na gemu isimame. Watu wakilalamika, walalamike. Sina mchoro mwingine wa kukupa, kaka, sitakuwa nao, na sipendi kitu kingine chochote kikae pale.

Usiniandikie tena kuhusu gemu. Sitaki kusimuliwa mtaro. Uliposema umebanduka pale kwenye komeo nilijaribu kuuona nikashindwa, na mimi ndiye niliyeubandua. Nimeanza kupoteza kijani. Nikiitafuta inakuja kama neno tu. Hilo sijamwambia mtu, hata huyu anayechapisha hajui mpaka atakaposoma hapa.

Ukipata likizo njoo. Usinipige bega kutoka nyuma, nitashtuka, sema kwanza. Na nikikuuliza kama macho yangu yanaonekana vilevile, nitazame kwanza, ndipo unijibu.

Mdogo wako